Hapana ya Bi Siwatu Mkunga

Nchi yenyewe sitaitaja. Waliowahi kuishi huko wataitambua kabla sijafika mbali, na ambao hawajawahi wasiwe na haraka ya kwenda. Nitasema tu kwamba ni nchi yenye amani nyingi, hasa mahali penye askari, na kwamba ina kiwanda kimoja cha magari, nacho hutengeneza gari moja. Simaanishi moja kwa mwaka, ingawa kuna mwaka ilikuwa hivyo. Namaanisha aina moja. Inaitwa Fahari.

Kila mwananchi aliyejaliwa kuwa na gari alikuwa na Fahari, kwa sababu sheria ilikataza mengine. Viongozi peke yao ndio waliokubali kujinyima. Wao walipanda magari ya kigeni yenye viyoyozi, ili Fahari zisije zikapungukia umma.

Fahari haikuwa na rivasi. Mchoro wa kwanza ulikuwa nayo, lakini siku ya kuweka jiwe la msingi la kiwanda Mkuu wa Nchi alitamka kwamba taifa hili kamwe halitarudi nyuma, na mhandisi mkuu, mtu mwenye watoto sita, akaifuta gia hiyo kabla hotuba haijaisha. Honi yake ilipiga ubeti wa kwanza wa wimbo wa taifa. Lilikuwa jambo tukufu, ila sheria ilimtaka kila anayeusikia wimbo huo asimame wima palepale alipo mpaka uishe, na mtu anayepigiwa honi mara nyingi huwa yuko katikati ya barabara.

Sasa, kila mwaka baada ya mvua za vuli, Wizara ya Ridhaa ya Umma ilituma makarani nyumba kwa nyumba kuwauliza wenye magari swali moja: je, ungenunua gari hilohilo tena? Fomu ilikuwa na visanduku vitatu vya majibu. Cha kwanza kiliandikwa Ndiyo, cha pili Ndiyo Kabisa, na cha tatu Ndiyo kwa Machozi ya Furaha.

Mmoja wa makarani hao aliitwa Anzuruni Mkwizu. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye mwandiko mzuri, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na mmoja. Yeye naye alikuwa na Fahari, lakini siku za kazi alitembea kwa miguu, maana alipenda kuwahi. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemsumbua. Mwalimu Hokororo, mstaafu wa mtaa wa kwanza kwenye orodha yake, alikuwa akipaza sauti ya Ndiyo tangu Anzuruni yuko kwenye kona, ili karani asipoteze muda wa kusalimia. Wengine walijibu huku wanafua. Ilikuwa kazi ya raha, na Anzuruni hakuwahi kujiuliza ni kwa nini akifika nyumbani huwa amechoka.

Mwaka ninaousimulia, orodha yake iliongezewa Mtaa wa Kisimani, mtaa mwembamba usio na pa kutokea, unaoishia kwenye nyumba ya Bi Siwatu mkunga. Bi Siwatu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene wa mikono, mwenye kusema kwa sauti ya chini kama mtu aliyezoea vyumba vyenye watoto waliolala. Alimkaribisha Anzuruni barazani, akamsogezea sahani ya mihogo, akaendelea kukunja vitambaa vyake vyeupe. Anzuruni akafungua fomu.

"Bi Siwatu, ungenunua gari hilohilo tena?"

"Hapana."

Anzuruni akatia alama kwenye kisanduku cha Ndiyo, kwa mazoea, kisha mkono wake ukasimama. Akamwomba radhi, akamwambia labda hakusikia vizuri.

"Umesikia," alisema Bi Siwatu. "Umekuja kuniuliza au umekuja kuniambia?"

Kisha akamweleza, bila hasira, kama anavyomweleza mama namna ya kumnyonyesha mtoto. Gari lilikaa kwenye banda lake mwisho wa mtaa. Kuligeuza haiwezekani kwa wembamba wa njia, na kurudi nyuma halirudi. Kwa hiyo kila anapoitwa kuzalisha, kwanza aamshe wanaume wanne walisukume kinyumenyume hadi barabara kuu. Mtoto anayekuja hangoji wanaume wanne wamalize chai. Watoto wanne tayari walikuwa wamezaliwa kwenye kiti cha nyuma, mmoja wao palepale kwenye mtaa, gari linasukumwa, na baba yake akampa jina la Msukumeni. Alisema hana ugomvi na mtu. Ameulizwa kama angelinunua tena, naye asingelinunua.

Kisanduku cha Hapana hakikuwepo. Anzuruni akafuta alama aliyoitia, akaliandika neno hilo pembeni mwa karatasi, kwa mwandiko wake mzuri. Bi Siwatu akamtaka amsomee. Akasoma. Ndipo mama akachukua kalamu akatia sahihi yake kubwa juu ya neno lenyewe, hata asingeweza mtu kugusa kimoja bila kuharibu cha pili.

Njiani kurudi, Anzuruni aliogopa. Lakini pamoja na hofu kulikuwa na kitu kingine, ambacho alikifikiria mpaka akaupita mlango wa nyumba yake bila kujua. Katika miaka kumi na mmoja, huyu alikuwa mtu wa kwanza aliyelisikia swali lake.

Wizarani walikuwa hawana habari. Kitabu cha matokeo kilikuwa kimeshachapwa wiki mbili kabla ya makarani kutumwa, kikiwa na jalada la rangi ya dhahabu lenye maneno mawili: Asilimia Mia. Mkurugenzi Kizito, bosi wa Anzuruni, aliisoma fomu ya Bi Siwatu mara tatu, akaigeuza akaisoma na upande usio na maandishi, kisha akaitisha kikao cha dharura.

"Ndugu wajumbe," alisema, akiwa amesimama, ingawa wajumbe walikuwa watano tu na wote walikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa, "hapa hatuna tatizo la gari. Suala la gari lilikwisha zamani. Hapa tuna tatizo la mwananchi."

Mjumbe mmoja alidhani mama huyo ni mgeni. Mwingine alidhani ana ugonjwa wa masikio, na daktari wa masikio akatumwa siku hiyohiyo. Akarudi na ripoti kwamba Bi Siwatu anasikia mapigo ya moyo wa kichanga kupitia ukuta, na kwamba daktari mwenyewe ameambiwa aache kuvuta sigara. Hapo Mkurugenzi akauliza kwa nini fomu isitupwe ikajazwa nyingine. Akakumbushwa kwa heshima kwamba kila gari lina fomu moja yenye namba yake, na haibadilishwi kwa hali yoyote, kwa mujibu wa kanuni aliyoitunga yeye Mkurugenzi, akapewa nishani kwa ajili yake.

Basi mzigo ukamrudia Anzuruni. Aliambiwa ana wiki moja ya kumfanya Bi Siwatu aandike barua ya kubadili jibu, na asipoweza atahamishiwa kituo cha mpakani, mwendo wa siku tatu, akahesabu magari ya kigeni yanayoingia nchini. Hayakuwa yanaingia kwa upande huo, lakini idadi yake ilitakiwa kila jioni.

Mkewe, Tausi, alikuwa ndiyo kwanza amepata kazi ya ualimu katika shule ya hapo mjini, baada ya kuingoja miaka mitano. Alipoambiwa, hakulia wala hakulaumu. Aliuliza tu kama huko mpakani kuna shule. Anzuruni alisema hakuna hata watu.

Akaenda tena Kisimani. Safari hii hakufungua fomu. Alimwambia Bi Siwatu mambo yote kama yalivyo, na Bi Siwatu akamsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amejiandaa kukasirika, na badala yake akajikuta anamwonea huruma. Alisema kuandika uongo hawezi, kwa sababu akianza na karatasi moja atashindwa kujua aishie karatasi ya ngapi, na yeye karatasi zake ni za watoto wa watu, uzito na saa ya kuzaliwa.

"Lakini kamwambie huyo Waziri wako aje aniulize mwenyewe," alisema. "Aje ndani ya Fahari. Nikimwona ameshuka humo, nitafikiri upya."

Anzuruni alilifikisha neno hilo akijua limemmaliza. Kumbe Waziri alilipenda. Alikuwa hajapata picha nzuri magazetini tangu afungue choo cha stendi. Fahari sita zikaazimwa kwa wananchi wenye mapenzi mema, zikapakwa rangi mpya juu ya vumbi, na siku ya Alhamisi asubuhi msafara ukaingia Mtaa wa Kisimani, gari nyuma ya gari, mpaka la kwanza likagusa nguzo ya banda la Bi Siwatu.

Waziri alishuka akafuta jasho. Viti vilipangwa, wapiga picha wakapanda juu ya ukuta, majirani wakajaa. Alianza kwa kuwashukuru wananchi kwa kuwa wananchi. Akaeleza historia ya gurudumu. Alikuwa amefika kwenye chuma, na namna nchi ilivyokuwa na chuma tangu enzi za mababu, mwanamume mmoja alipokuja mbio kwenye uwazi uliobaki kati ya magari na ukuta, shati halina kifungo hata kimoja. Alikuwa Kibwana, seremala wa ng'ambo ya mfereji. Alisema mkewe yuko kwenye uchungu, na mtoto ametanguliza miguu.

Bi Siwatu alisimama papo hapo, akaingia ndani, akatoka na mkoba wake. Akatazama banda, akatazama Fahari sita zilizoziba njia, akamtazama Waziri.

Waziri hakuwa mtu mbaya. Aliamuru magari yarudi nyuma mara moja. Madereva wakatazamana. Hatimaye yule wa gari la kwanza, mzee mwenye kofia mkononi, akajikaza.

"Mheshimiwa," alisema, "taifa hili halirudi nyuma."

Hapo dereva wa gari la mwisho, kule barabarani, aliona kuna shida akapiga honi kuita watu waje kusukuma. Wimbo wa taifa ukalia. Mtaa mzima ukasimama wima: Waziri mkono kifuani, Mkurugenzi Kizito macho mbele, wapiga picha juu ya ukuta kama ndege kwenye waya. Ubeti ulipoisha, dereva wa tano akapiga honi yake kumwambia wa sita aache kupiga honi. Wote wakasimama tena. Wa nne naye akaona hapana, huu ni upuuzi, na namna pekee aliyokuwa nayo ya kusema hivyo ilikuwa honi.

Bi Siwatu yeye alikuwa anatembea. Alikuwa amempa Anzuruni mkoba auchukue, kwa sababu alikuwa karibu na kwa sababu mkoba ulikuwa mzito, na walikuwa wameshafika usawa wa gari la tatu wimbo ulipolia mara ya kwanza. Miguu ya Anzuruni ikasimama yenyewe. Kwa miaka arobaini na mbili ya maisha yake haijawahi kutembea ndani ya wimbo ule. Bi Siwatu alipogeuka akamkuta ameganda, kidevu juu, mkoba ubavuni.

"Anzuruni," alisema kwa sauti yake ileile ya chini, "mtoto haujui huo wimbo."

Anzuruni akatembea. Alihesabu hatua, na kila hatua alingoja mkono wa askari begani. Mkono haukuja, kwa sababu askari nao walikuwa wamesimama wima na sheria haikuwaruhusu kumkamata mtu mpaka ubeti uishe. Walipovuka mfereji alishangaa kuona anakimbia.

Ilichukua saa mbili. Anzuruni alikaa uani na Kibwana, wakachemsha maji mara tatu, na mara zote tatu hakuna aliyeyaulizia. Aliposikia kilio chembamba kutoka ndani, alimshika Kibwana mkono, mtu asiyemjua, wakabaki hivyo wameshikana. Alikuwa mtoto wa kike, mzima, mwenye hasira.

Waliporudi Kisimani walimkuta Waziri amevua koti. Yeye, Mkurugenzi na wajumbe wote watano walikuwa wameinama wanasukuma gari la mwisho kutoka kwenye mtaro wa barabara kuu, lililokuwa limedondokea humo walipokuwa wakilirudisha. Tope lilikuwa limempanda Waziri hadi kiunoni. Bi Siwatu alimpa pole, akamletea maji ya kunawa, akamngoja amalize kupumua.

"Na wewe, Mheshimiwa," alimwuliza, "ungelinunua tena?"

Waziri alitazama viatu vyake, kisha akatazama kamera. Akasema swali ni zuri, limepokelewa, na litafanyiwa kazi.

Lilifanyiwa kazi kwa siku tatu. Siku ya nne redio ilikatiza taarabu, na Waziri mwenyewe akasoma tangazo. Alisema kwamba wananchi elfu arobaini na moja mia mbili na watano wametamka, kwa hiari yao na wengine kwa machozi, kwamba wangenunua Fahari tena. Serikali sikivu haiwezi kuendelea kuwazuilia haja ya mioyo yao. Kwa hiyo kila mmoja wao atanunua Fahari ya pili ndani ya siku tisini. Ama yule mmoja asiye na shukrani, yeye amefutiwa haki ya kununua Fahari maisha yake yote, na aliyo nayo itachukuliwa, iwe fundisho.

Lori lilikuja kuichukua. Majirani walisimama milangoni kumwangalia Bi Siwatu akipokonywa gari, na mwanzoni walimtazama kwa huruma. Lori lilipokata kona, mtazamo ulikuwa umebadilika. Tangu siku ile akiitwa kuzalisha alichukuliwa na waendesha pikipiki wa kijiweni, ambao nusu yao walizaliwa mikononi mwake, na alifika mapema kuliko zamani.

Nchi nzima ilipanga foleni mbele ya Wizara ya Ridhaa ikiomba nayo iadhibiwe. Mwalimu Hokororo alikuja na barua tatu, moja ikiwa ya mkuu wa shule aliyosoma, zinazothibitisha kwamba amekosa shukrani tangu utotoni. Mkurugenzi Kizito aliwajibu wote kwamba Ndiyo ikishatoka haichukuliwi. Anzuruni hakuhamishwa, kwa sababu alihitajika dirishani kuwarudisha watu makwao. Yeye naye alinunua. Fahari ya pili ililetwa ikazimikia mbele ya ile ya kwanza, haikuwaka tena, na mlango wa nyumba ukazibwa. Tausi alikuwa akipitia dirishani kwenda shuleni, viatu mkononi.

Mvua za vuli zikaja, zikapita. Makarani wakapewa fomu mpya, yenye kisanduku kimoja tu, cha Ndiyo, kikubwa kama sahani. Anzuruni akaanza na mtaa wa kwanza. Mwalimu Hokororo alikuwa amemngojea getini.

"Hapana," alisema, karani akiwa bado yuko kwenye kona. Kisha, alipofika: "Habari za asubuhi."

Akataka neno liandikwe pembeni, asomewe, atie sahihi juu yake. Jirani yake naye vivyo hivyo. Aliyekuwa anafua alikausha mikono kwanza ili aandike vizuri. Hakuna aliyepiga kelele wala aliyejitapa. Walikuwa wanajibu swali, basi, na wengi walitaka kumweleza sababu, wakamweleza, naye akakaa akasikiliza. Kabla ya adhuhuri wino ulimwishia. Jioni ya siku ya mwisho alijaza fomu zake mwenyewe, mbili, kwa kuwa alikuwa na magari mawili. Alisimama kidogo kwenye ya kwanza. Kwenye ya pili hakusimama.

Alipolipeleka gunia ofisini, alikuta makarani wengine nao wameketi juu ya magunia yao, hawatazamani. Mkurugenzi Kizito alisoma fomu moja moja mpaka shati likamlowa mgongoni. Kisha akafunga mlango kwa komeo, akatoa kwenye droo fomu za Fahari zake mbili, akamwuliza Anzuruni kwa upole kama ana kalamu inayoandika.

Wiki nzima haikusikika habari. Anzuruni alikunja godoro, akafunga sufuria kwenye kanga, tayari kwa mpakani. Tausi aliomba likizo bila kusema ya nini. Siku ya nane, saa ya chakula cha mchana, redio ikakatiza taarabu. Waziri alikuwa na sauti ya mtu aliyelala vizuri.

"Asilimia mia," alisema. "Kwa mara nyingine tena, wananchi wameongea kwa kauli moja. Hakuna hata mmoja, nasema hata mmoja, anayetaka kununua Fahari nyingine. Nchi nyingine watu wananunua gari leo, keshokutwa wananunua jingine, hawatosheki. Sisi tumetengeneza gari ambalo mtu akilinunua hatamani kununua tena maisha yake yote."

Akaendelea kusema kwamba kiwanda kimetunukiwa nishani, na kwamba Mkurugenzi Kizito amepandishwa cheo. Makofi yalisikika nyuma yake, marefu, ya watu waliopangwa vizuri. Kisha taarabu ikarudi pale ilipokatizwa.

Tausi aliweka kijiko chini, akamwuliza mumewe kama ni kweli.

"Asilimia ni ya kweli," alisema Anzuruni. "Hiyo nimeihesabu mwenyewe."

Tausi akamtazama, akalitazama godoro lililofungwa kamba, akaanza kucheka. Hakuwa amecheka tangu siku tisini zile. Anzuruni alijaribu kujizuia, akashindwa, wakacheka wote wawili mpaka wakashikilia meza, mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza huko kwao kuna arusi au kuna msiba.

Anzuruni akafuta machozi, akamjibu kupitia ukutani kwamba bado hawajatangaziwa.